Usingizi unanikimbia nikiufuata: ni njia zipi za asili zenye msingi wa kisayansi?

Mkeshaji ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Huu ni mwezi wa 4 tangu usingizi uanze kunisumbua, na nimefika mahali ambapo giza likiingia ninauogopa usiku badala ya kuusubiri. Mambo yalianza wakati kazi ziliponizidi. Kazi zenyewe zilipungua zamani, lakini kukesha kumebaki. Ili kufidia, nimejizoesha kupanda kitandani saa 3 usiku, kwa hoja kwamba anayelala mapema ana saa nyingi zaidi za kubahatisha. Matokeo yake ni kwamba ninagaagaa hadi karibu saa 6, ndipo ninapopitiwa na usingizi, kisha saa 9 usiku macho hufunguka yenyewe, na kuanzia hapo hadi saa 1 asubuhi ninapoinuka ni usingizi wa mang'amung'amu tu. Nikijumlisha vipande vyote, sidhani kama ninazidi saa 6.

Daktari amenichunguza, akapima shinikizo la damu na homoni za tezi ya shingoni, na hakuona kasoro. Dawa za usingizi sizitaki kwa sasa, kwa hiyo nimegeukia njia za asili. Nimekunywa chai ya maua ya kamomili, nimemeza vidonge vya mzizi wa valeriani, nimetumia vidonge vya melatonini, ile homoni ya usiku, vya miligramu 5, ninaoga maji ya moto kisha ninaingia kitandani papo hapo, na simu ninaizima saa 2 usiku. Kahawa nimeipunguza hadi vikombe 2, cha mwisho saa 10 jioni. Siku za mapumziko ninajiachia hadi saa 4 asubuhi ili nilipe deni la wiki nzima.

Naomba wenye ujuzi wanisaidie kwa mambo matatu. Katika hayo niliyoyataja, lipi lina ushahidi na lipi ni mazoea tu? Kwa nini ninasinzia vizuri sana kitini saa 2 usiku, kichwa kikiniangukia kifuani, lakini nikifika kitandani macho yanakuwa makavu? Na kuamka saa 9 usiku ni ugonjwa?

Mwalimu_wa_Baiolojia amejibu:

Pole sana, Mkeshaji. Ninafundisha baiolojia, si daktari, kwa hiyo nitajikita katika namna mwili unavyofanya kazi, nikiamini kwamba ukiielewa mitambo miwili inayoleta usingizi, nusu ya maswali yako yatajijibu.

Mwaka 1982 mtafiti Alexander Borbély alipendekeza kielelezo ambacho hadi leo ndicho msingi wa elimu ya usingizi. Alisema usingizi unatawaliwa na nguvu mbili zinazofanya kazi pamoja. Ya kwanza mimi huiita njaa ya usingizi, kwa sababu inafanana sana na njaa ya chakula: kadiri unavyokaa macho ndivyo inavyoongezeka, na ukilala inapungua. Kemikali inayohusishwa zaidi na njaa hiyo ni adenosini, ambayo hujikusanya katika ubongo kadiri seli zinavyotumia nishati mchana kutwa. Ya pili ni saa ya mwili, kishada cha seli zipatazo 20,000 kilichopo katika haipothalamasi, sehemu ya chini ya ubongo, juu kidogo ya mahali ambapo neva za macho hupishana. Saa hiyo haijali umechoka kiasi gani. Inajua tu kwamba sasa ni usiku au ni mchana, na jambo ambalo wengi hawalitarajii ni kwamba jioni, muda mfupi kabla ya wakati wako wa kawaida wa kulala, ndipo inapokusukuma kwa nguvu zaidi ubaki macho.

Sasa tazama ratiba yako kwa jicho hilo. Unasinzia kitini saa 2 usiku, na usingizi huo mfupi unaondoa njaa iliyojengwa tangu asubuhi, kama mtu anayekula vitafunio jikoni halafu akashangaa kwa nini mlo haupiti. Dakika chache baadaye unapanda kitandani saa 3, wakati saa ya mwili wako, iliyozoea kukuona ukilala saa 6, bado inapiga kengele ya mchana. Kitanda hakina kosa. Umekifikia kabla ya wakati, na ukiwa umeshiba.

Kahawa nayo inaingia papo hapo. Kafeini haikupi nguvu yoyote mpya. Inakalia vipokezi vya adenosini, hivyo njaa ya usingizi ipo lakini ubongo hauisikii. Kwa wastani mwili huchukua saa 5 hivi kuondoa nusu ya kafeini uliyokunywa, ingawa watu wanatofautiana sana: wavutaji wa sigara huiondoa upesi zaidi, ilhali wajawazito na wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango huchelewa. Katika jaribio moja lililochapishwa mwaka 2013, watu waliopewa miligramu 400 za kafeini, ambazo ni sawa na vikombe kadhaa vya kahawa, saa 6 kabla ya kulala, walipoteza zaidi ya saa nzima ya usingizi, na wengi hawakuutambua upotevu huo. Vikombe vyako ni vichache, lakini kile cha saa 10 jioni ningekihamishia asubuhi.

Kuhusu mwanga, nadhani umeangalia upande mmoja tu. Kuzima simu ni sawa, lakini lililo kubwa zaidi ni mwanga wa asubuhi. Ndani ya jicho, mbali na seli zinazotuwezesha kuona, zimo seli nyingine chache zenye rangi iitwayo melanopsini, ambazo kazi yake kubwa si kutengeneza picha bali ni kuiarifu saa ya mwili kwamba kumekucha. Zilithibitishwa mwaka 2002, jambo linaloonyesha jinsi elimu hii ilivyo changa. Seli hizo huitikia zaidi mwanga wa buluu wa mawimbi ya nanomita 480 hivi, na zinahitaji mwanga mwingi. Chumba chenye taa nzuri huwa na laksi (kipimo cha mwanga) mia chache, wakati nje, hata mbingu ikiwa imetanda mawingu, unapata maelfu. Saa ya binadamu, ikiachwa peke yake bila alama za mchana na usiku, huzunguka kwa wastani wa saa 24 na dakika kama 11, yaani kila siku huchelewa kidogo na lazima irekebishwe. Mwanga wa asubuhi huivuta mbele na mwanga wa usiku huirudisha nyuma. Nusu saa ya kutembea nje muda mfupi baada ya kuamka itakufaa kuliko miwani yoyote ya rangi inayouzwa kwa ajili ya kuzuia mwanga wa buluu.

Kwa hoja hiyohiyo, kulala hadi saa 4 asubuhi siku za mapumziko kunakuharibia. Unapochelewa kuuona mwanga kwa saa 3, saa yako inafanya kile inachofanya mtu akisafiri kwenda nchi ya mbali upande wa machweo, kisha siku ya kazi unaitaka irudi nyumbani kwa usiku mmoja. Aidha, unaianza siku hiyo ukiwa umeshiba usingizi, na jioni huna njaa.

Maji ya moto yana ushahidi mzuri, ila wewe umekosea saa. Ili tulale, joto la kiini cha mwili linapaswa kushuka, na katika usiku mzima hushuka kwa takriban nyuzi 1 ya Selsiasi. Kuoga maji ya moto hufungua mishipa ya damu ya mikono na miguu, damu hukimbilia kwenye ngozi, joto linatoka, na kiini kinapoa. Wataalamu waliokusanya tafiti zilizokuwepo hadi mwaka 2019 waliona kwamba maji ya nyuzi 40 hadi 42.5, yakitumika saa 1 au 2 kabla ya kulala, hata kwa dakika 10 tu, huharakisha usingizi kwa takriban dakika 10. Ukioga na kuingia kitandani papo hapo, unaingia na joto lote, nalo halijapata nafasi ya kutoka. Soksi zinafanya kazi kwa kanuni hiyohiyo, na mtu asikucheke: mwaka 1999 watafiti wa Uswisi walionyesha kwamba miguu na mikono yenye joto ni miongoni mwa ishara bora za kubashiri kwamba mtu atasinzia upesi.

Saa 9 usiku nayo ina maelezo. Usingizi huja kwa mizunguko ya takriban dakika 90, na kila mzunguko ukiisha ni kawaida mtu kuzinduka kidogo, mara nyingi bila kukumbuka. Usingizi mzito umerundikana katika theluthi ya kwanza ya usiku. Kuelekea alfajiri unabaki usingizi mwepesi na ule wa ndoto. Kuzinduka saa hiyo si ugonjwa. Tatizo huanza pale unapoitazama saa na kuanza kuhesabu ni saa ngapi zimebaki.

Bundi_Aliyetubu amejibu:

Mwalimu ameeleza vizuri, lakini swali la kiti na kitanda amelijibu nusu. Mimi nililala vibaya kwa miaka 3, na kilichonitoa huko hakikuwa chai wala kidonge, bali ni matibabu ya kurekebisha fikra na tabia za usingizi, ambayo mwaka 2016 chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani wa Marekani kilishauri yawe tiba ya kwanza kwa mtu mzima mwenye tatizo sugu la kukosa usingizi, kabla ya dawa yoyote. Ninashangaa kwamba watu hutafuta mizizi na mafuta ya kunukia, ilhali kitu hiki kisicho na kemikali hata moja hakiitwi cha asili.

Tuanze na kitanda. Mwaka 1972 mwanasaikolojia Richard Bootzin alieleza kwamba mtu akikesha kitandani usiku baada ya usiku, ubongo hujifunza kukihusisha kitanda na kukesha, sawasawa na unavyoweza kujifunza kuogopa chumba ambamo uliwahi kupata mkasa. Kitini huna azma ya kulala, kwa hiyo hakuna kinachokushtua. Kitandani unafika na azma, unajipima kila dakika kama umeshaanza kusinzia, na kule kujipima kwenyewe kunakuamsha. Dawa yake ni kuuvunja uhusiano huo: usiende kitandani mpaka macho yawe mazito kwelikweli, kitanda kiwe cha kulala na faragha ya wanandoa, si cha kusoma, kula wala kupanga kesho, na ukihisi kwamba umekaa macho kama dakika 20, toka chumbani, ukakae mahali penye mwanga hafifu ufanye jambo lisilo na msisimko, urudi usingizi ukija. Dakika hizo uzikisie tu. Saa ya ukutani igeuze ilitazame ukuta.

Jambo la pili ndilo gumu, na ndilo lililoniponya. Arthur Spielman na wenzake walilichapisha mwaka 1987. Unaweka shajara ya usingizi kwa wiki 1 au 2, unapata wastani wa saa unazolala kweli, kisha unajiruhusu kukaa kitandani kwa muda huo tu. Wewe unakaa kitandani saa 10 na kulala 6, maana yake ni asilimia 60. Ningekuwa wewe ningechagua saa ya kuamka isiyobadilika, tuseme saa 12 asubuhi, nikahesabu saa 6 kurudi nyuma, nikapata saa 6 usiku. Kabla ya hapo hakuna kitanda, na kitini hakuna kusinzia, hata ikibidi usimame. Siku za mwanzo utakuwa hoi, na hapo ndipo watu wengi hukimbia. Lakini njaa aliyoisema Mwalimu inapanda hadi inashinda hofu, vipande vinaungana, na usiku unakuwa kitu kimoja. Pale muda uliolala unapofika asilimia 85 ya muda uliokaa kitandani kwa wiki nzima, unajiongezea dakika 15, na unaendelea hivyo kila wiki hadi ufikie kiasi kinachokutosha.

Spielman huyohuyo alitofautisha mambo matatu: yanayomfanya mtu awe mwepesi wa kukosa usingizi, yanayoanzisha tatizo, na yanayolidumisha. Ukisoma ulichoandika utaona kwamba kilichoanzisha, yaani kazi, kiliondoka. Kinacholidumisha ni mbinu zako za kulitibu: kulala mapema, kulala hadi saa 4, kukaa kitandani ukisubiri. Nakuambia bila kukulaumu, maana mimi niliyafanya yote na mengine zaidi.

Ninaongeza dogo kwa ajili ya kichwa kisichotulia. Kuna jaribio la mwaka 2018 ambamo vijana 57 waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja liliandika kwa dakika 5 mambo linalopaswa kuyafanya siku zijazo, na jingine likaandika yaliyokwisha kufanyika. Walioandika ya mbele walisinzia mapema kwa wastani wa dakika 9, na waliofafanua zaidi walisinzia upesi zaidi. Mimi ninaandika kwenye daftari, mezani, saa 2 usiku, si kitandani.

Mdadisi amejibu:

Naomba kutofautiana na ndugu Bundi. Tunaambiwa na wataalamu kwamba mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi, na hapa mtu anayelala saa 6 anaambiwa akae kitandani saa 6 tu. Huko si kumtibu mwenye njaa kwa kumfungia chakula? Mimi ningeshauri saa ya mkononi inayopima hatua za usingizi, ili ajue kwanza tatizo liko katika usingizi mzito au wa ndoto.

Bundi_Aliyetubu amejibu:

Mdadisi, pingamizi lako ni la haki, nami nilimwambia mtaalamu wangu maneno hayohayo. Jibu ni kwamba saa 7 ni lengo la mwisho na kubana ni njia ya muda. Tena hakuna anayeteremka chini ya saa 5 za kitanda, hata shajara ikisema amelala 4. Lakini wapo wasiopaswa kuifanya peke yao: wenye kifafa, kwa sababu upungufu wa usingizi unaweza kuamsha degedege, wenye ugonjwa wa hisia za kupanda na kushuka, kwa sababu unaweza kuwasukuma kwenye wazimu wa furaha, na wanaoendesha magari au mitambo kwa riziki, kwa sababu zilizo wazi.

Saa ya mkononi ningeiacha droowani. Vifaa hivyo hukisia kwa mwendo na mapigo ya moyo, kwa hiyo mtu aliyelala tuli akitazama dari mara nyingi huhesabiwa kuwa amelala, na ugawaji wao wa hatua za usingizi hauaminiki sana. Mwaka 2017 matabibu waliwaelezea wagonjwa waliokuwa wakihangaikia takwimu za vifaa hivyo kiasi cha kuuharibu usingizi wenyewe. Kalamu na karatasi vinatosha.

Mfamasia_Mstaafu amejibu:

Nimeona hakuna aliyemjibu Mkeshaji kuhusu alivyokunywa na kumeza, nami ndiko nilikotumia miaka yangu, kwa hiyo naomba nafasi.

Melatonini imeeleweka vibaya kuliko zote. Aaron Lerner na wenzake waliitenga mwaka 1958 kutoka kwenye tezi za ng'ombe, na tangu hapo watu wameichukulia kuwa dawa ya kulaza. Kazi yake ni kutangaza kwamba usiku umeingia. Hata wanyama wanaotembea usiku huitoa usiku, wakati wao wakiwa macho. Kwa hiyo inafaa pale saa ya mwili inapokuwa imepotea: kwa msafiri aliyevuka majira mengi ya saa, au kwa mtu ambaye mwili wake umehamia kulala alfajiri. Kwa anayekosa usingizi kwa namna ya Mkeshaji, manufaa yake ni madogo. Uchambuzi mmoja wa tafiti nyingi, wa mwaka 2013, ulionyesha kwamba iliharakisha usingizi kwa takriban dakika 7. Mwaka 2017 mwongozo wa madaktari wa usingizi wa Marekani ulishauri isitumike kutibu tatizo hili, na ulisema hivyohivyo kuhusu valeriani, ingawa wenyewe walikiri kwamba ushauri huo ni dhaifu kwa kuwa tafiti zenyewe ni dhaifu.

Kisha kuna swali la nini kimo ndani ya chupa. Katika nchi nyingi vidonge hivi huuzwa kama virutubisho, si kama dawa, na ukaguzi wake ni hafifu. Watafiti walipopima bidhaa 31 za melatonini nchini Kanada, matokeo yakachapishwa mwaka 2017, walikuta kiasi halisi kikianzia asilimia 83 pungufu ya kilichoandikwa hadi asilimia 478 zaidi, na 8 kati ya bidhaa hizo zilikuwa na serotonini, kemikali nyingine ya mwilini, ambayo haikutajwa popote. Neno «asili» kwenye lebo halikuambii kilichomo wala kiasi chake.

Valeriani nisingeichanganya na pombe wala na dawa nyingine zinazolaza, kwa sababu zinaweza kuongezeana nguvu. Kamomili ina kemikali iitwayo apijenini, ambayo katika maabara hujishikiza kwenye vipokezi vilevile vinavyotumiwa na baadhi ya dawa za kutuliza, lakini kutoka maabara hadi kikombe ni safari ndefu, na majaribio kwa binadamu ni machache na madogo. Anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda amuulize daktari kabla ya kuinywa mara kwa mara. Kwa wengine, kikombe kimoja cha jioni hakina neno. Nimewaona watu wakilala vizuri kwa ajili ya nusu saa ya utulivu inayoandamana na kikombe, na sioni kwa nini niwanyang'anye, mradi wasinywe kingi kikawaamsha kwenda haja.

Pombe hakuitaja, lakini watasoma wengine. Inamsinziza mtu upesi, inapunguza usingizi wa ndoto katika nusu ya kwanza ya usiku, kisha mwili ukishaivunja nusu ya pili inakatikakatika. Inalegeza pia misuli ya koo, na mwenye kukoroma anakoroma zaidi.

Hapo pia niulize: Mkeshaji, unakoroma? Kuna anayekusikia ukikata pumzi na kuzinduka kama mtu aliyekabwa? Je, jioni miguu inakuwashawasha kwa ndani ikitaka itikiswe? La kwanza na la pili huashiria kuzibwa kwa njia ya hewa usingizini, na la tatu mara nyingi huenda na upungufu wa akiba ya madini ya chuma mwilini. Hayo hayatibiwi kwa shajara wala kwa soksi, na daktari anayepima shinikizo la damu na tezi peke yake hawezi kuyaona asipoambiwa.

Mkeshaji amejibu, wiki 3 baadaye:

Nimerudi kama nilivyoahidi kwa baadhi yenu faraghani. Kwanza nimjibu Mfamasia: sikoromi kwa namna hiyo, mwenzangu amethibitisha, na miguu haina shida.

Nilichagua saa 6 usiku hadi saa 12 asubuhi, siku zote 7. Wiki ya kwanza ilikuwa mateso. Saa 4 usiku nilikuwa ninazunguka nyumbani nikikunja nguo zilizokwisha kukunjwa, ilimradi nisikae, na gari sikuliendesha siku mbili kwa kuwa sikujiamini. Nililala wastani wa saa 4 na dakika 45, na nilikaribia kuwaandikia kwamba mmeniponza. Wiki ya pili, bila mimi kufanya jipya, nililala saa 5 na dakika 20. Nikajiongezea dakika 15, nikaanza kulala saa 5:45 usiku, na wiki hii wastani ni saa 5 na dakika 35. Kiasi hicho hakijafikia nilichokuwa ninakidai mwanzoni, lakini ni cha mfululizo, na usiku 4 kati ya 7 sikuiona kabisa saa 9.

Kahawa ni ya asubuhi tu. Ninaoga saa 4 usiku. Melatonini na valeriani nimeziacha, na kamomili nimeibakiza kwa sababu ninaipenda. Lililonishangaza ni matembezi ya asubuhi: siku 2 nilizoyakosa, usiku wake macho yalichelewa kuwa mazito.

Maswali yamebaki mawili. Dakika 15 za wiki ijayo niziongeze jioni au asubuhi? Na mchana, nikizidiwa kabisa, naruhusiwa kujinyoosha kidogo?

Bundi_Aliyetubu amejibu:

Hongera, na hesabu yako ni sahihi: saa 5 na dakika 35 katika saa 6 na robo ni asilimia 89, kwa hiyo umestahili nyongeza. Iweke jioni, uende kitandani saa 5:30, na saa 12 asubuhi usiiguse, kwa kuwa ndiyo nanga ya saa ya mwili wako. Ikitokea wiki ijayo umeshuka chini ya asilimia 80, punguza dakika hizohizo 15 bila kuhuzunika. Mimi nilirudi nyuma mara 3.

Mwalimu_wa_Baiolojia amejibu:

Kuhusu mchana, kwa wiki hizi ningesema usilale, maana kila dakika ya mchana unaikopa kutoka usiku. Ila ukiona usalama wako uko hatarini, lala dakika 15 hadi 20 kabla ya saa 9 alasiri na uweke kengele. Ukizidisha utaingia katika usingizi mzito, na ukizinduliwa humo utaamka na kichwa kizito kuliko ulivyolala.

Mkeshaji amejibu:

Nimeelewa. Saa 5:30 kuanzia leo. Nitaleta shajara ya wiki ya nne.